Safari ya Kutomtazama Mkwe

Posa ya Angela ilikuwa imekaa kwenye ukoo tangu mavuno ya mahindi, na kila ilipotajwa, Bonaventura alikohoa. Sasa mtu akikohoa mara moja utasema baridi ya Makambako hiyo. Lakini akikohoa kila linapotajwa jina la mchumba wa mtoto, hiyo si baridi tena. Ni jibu, ila halijavaa nguo.

Bonaventura alikuwa kaka mkubwa wa marehemu mume wa Juliana, mama yake Angela, na alikuwa muuza mbao mwenye jina pale Makambako. Baada ya mazishi yeye ndiye aliyebaki mdomo wa ukoo. Msimchukie mapema. Alimlea Angela kama wa kumzaa, na siku binti alipofaulu uuguzi ni yeye aliyelia kuliko mama mtu. Ila likija suala la mila, mzee yule alikuwa mgumu kama gogo la mti wa mlingoti lililokaukia juani, shoka linaruka tu.

Mchumba mwenyewe alikuwa Mzambia, jina lake Chileshe. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni kwenye makumbusho madogo ya misheni, ng'ambo ya mpaka, jirani na hospitali alikoajiriwa Angela. Watu wake walikuwa wameshatuma neno kwa heshima zote. Bonaventura hakusema hapana. Alisema Mzambia ni mtu kama watu wengine, lakini posa haijibiwi gizani. Kwao, kabla ukoo haujasema ndiyo, hutumwa watu kwenda kuulizauliza kimyakimya: kijana huyu ana mkono mrefu? Ni mgomvi? Kwao kuna maradhi gani, na mama yake anaheshimiwa na majirani? Kijana wa Wanging'ombe utamchunguza kwa asubuhi moja na nauli ya kurudi ukabaki nayo. Huyu wa Zambia atachunguzwa na nani?

Halafu akaongeza lile lililomkera hasa. Kwa wazee wa Kichiwa, kijijini kwao, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawali chungu kimoja, hawapishani mlangoni. Wakikutana njiani, mmoja huiacha njia na kugeukia vichaka mpaka mwenzake apite. Si chuki, ni heshima iliyozidi maneno. Vijana wa mjini huicheka mila hiyo, lakini hao hao wanaocheka, mama mkwe akitokea sokoni Njombe utawaona wanavyojibanza nyuma ya magunia ya viazi. Sasa Bonaventura alimwona Chileshe kwa macho ya mawazo, anamwendea Juliana meno nje na kumkamata mkono kama anayesalimiana na konda. Akatangaza kwamba Jumapili baada ya misa ya pili ukoo ukae kwake Makambako, neno liishe. Kila mtu alijua litaishaje.

Angela alipopigiwa simu hakulia wala hakubishana. Alisema kwa sauti ya chini, "Mama, sitamvunjia baba mkubwa neno lake. Akikataa, basi. Ila mwingine msiniletee."

Juliana alikaa na simu ile sikioni hata baada ya kukatika. Alimjua mwanawe. Angela hakuwa mtu wa kutishia, alikuwa mtu wa kufanya alichosema, na mama aliona mlango wa maisha ya mtoto wake ukifungwa polepole huku kila mtu amekaa tu anautazama. Uchungu ulimshika, tena uchungu wa hasira. Kulipokucha alipanda gari kutoka Kichiwa mpaka Njombe mjini, moja kwa moja hadi kwenye meza ya dagaa ya Hyasinta.

Huyu Hyasinta alizaliwa mwambao wa Ludewa, akaolewa huku juu kwenye baridi, na mdomo wake haukuwahi kupoa. Siku hiyo alikuwa na Vestina, mke wa katekista wa Kichiwa, aliyekuja kununua mboga. Watatu hao walikuwa marafiki tangu enzi za kwaya ya kina mama, na wasingeweza kutofautiana zaidi. Hyasinta angeweza kumuuzia samaki samaki mwenzake. Vestina hakuwahi kusema uongo maishani, na kwa sababu hiyo watu walimwogopa kidogo.

Juliana akawaambia kwamba kama hakuna wa kwenda kuchunguza, atakwenda yeye.

Vestina akaweka kikapu chini. Mama wa binti haendi kuchunguza, alisema, kwa sababu akienda atamwona, na posa ikikubaliwa atakuwa ameshamtazama mkwe wake usoni. Hyasinta akasema hilo jambo dogo, twendeni sote watatu kama watalii, sisi wawili tutazame na kuuliza, mama Angela akae nyuma aangalie ukuta. Vestina akafikiri kwa muda mrefu mno, mpaka mteja mmoja akaondoka bila kuhudumiwa.

"Nitakuja," akasema mwisho. "Lakini usimtazame, na yeye asikutazame. Mkikutana uso kwa uso, mama Angela, nitalisema kikaoni, maana nitaulizwa."

Hyasinta alicheka hadi akashika meza. Jamani, mtu anakata tiketi ya treni kwenda nchi ya watu, kusudi akifika asimtazame aliyemfuata.

Basi, Ijumaa alfajiri, Makambako ikiwa imejifunika ukungu hata taa za malori hazionekani vizuri, wanawake watatu walisimama stesheni na hati zao za kusafiria zimefungwa kwenye pindo za vitenge. Walivaa masweta mawili mawili. Juliana alikuwa na kikapu cha parachichi, kwa sababu nyumba ya watu haiingiwi mikono mitupu, hata nyumba hiyo ikiwa makumbusho. Maisha yake yote alikuwa ameisikia treni ile ikilia kwenda Zambia, na hajawahi kuipanda. Ilipoingia, ikatingisha ardhi mpaka kwenye magoti, akashtuka kujikuta anatabasamu. Vestina alipiga ishara ya msalaba kabla ya kuinua mguu. Hyasinta alishapanda zamani, anagombania dirisha.

Ukungu uliwaachia taratibu. Nchi ikateremka, hewa ikapata joto, masweta yakavuliwa moja moja, na bonde la mpunga la Chimala na Igurusi likafunguka mkono wa kulia na wa kushoto kijani mpaka macho yanachoka. Juliana alisahau kwa muda kilichompeleka. Alikula yai la kuchemsha, akanyoosha miguu, akawapungia mkono watoto wa kando ya reli kama malkia. Kwa nini hakufanya hivi zamani? Miaka yote hiyo jembe na kanisa, kanisa na jembe, kumbe dunia iko hapo nyuma ya kilima na watu wanaipanda tu kwa tiketi. Furaha ilimjaa akaona haya.

Walipoipita Mbeya simu ikalia. Alikuwa Angela, anauliza kama viazi vimeshavunwa. Juliana akajibu kwamba vinaendelea vizuri. Angela akauliza hiyo kelele ya nini.

"Mashine ya kusaga," mama akasema.

Vestina aligeuza uso dirishani, midomo ameikaza. Hyasinta alijiziba mdomo kwa kitenge mpaka machozi yakamtoka. Muda mrefu baadaye, kila behewa lilipopiga kelele, alimuuliza Juliana kama unga umelainika.

Tunduma walishuka kupigwa mihuri, wakapanda tena, treni ikavuka. Hyasinta alichungulia nje kuitafuta ng'ambo. Mahindi yalikuwa mahindi, mbuzi walikuwa mbuzi, na akina mama wa huko walibeba kuni kichwani kama wa kwao. Akasema ng'ambo hii inafanana sana na Ilembula, warudishiwe nauli. Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameshajipaka mafuta usoni, maana mgeni ni mgeni.

Kituo walichoshukia kilikuwa kidogo, na misheni ilionekana kutoka pale, mnara wa kanisa juu ya miti. Jua lilikuwa limepita utosini. Wakatembea. Kadiri mnara ulivyokaribia ndivyo furaha yote ya treni ilivyompotea Juliana njiani. Alianza kuona ujinga wa safari yenyewe. Kama kijana ni mhuni, ataujua uhuni wake na kurudi kumvunja mwanawe moyo kwa mdomo wake mwenyewe. Kama ni mwema lakini hana adabu za kwao, Vestina atasema ukweli, na ukweli wa Vestina utammaliza. Alijifunika kitenge kichwani hadi kwenye nyusi. Hyasinta akamwambia anafanana na mtu anayekwenda kuiba kuku.

Makumbusho yalikuwa nyumba ndefu ya matofali, yenye ua nyuma. Ndani kulikuwa na baridi kidogo na harufu ya ngozi kuukuu. Wageni wengine hawakuwapo siku hiyo. Wenzake wakaingia, Juliana akabaki nyuma ya kabati kubwa la ngoma, uso ukutani, akisikiliza.

Na hapo Vestina akafanya lake. Karibu na mlango, kwenye kigoda, alikuwa ameketi mzee mhunzi na nyundo mkononi, mzee wa udongo na nguo halisi, aliyetengenezwa vizuri kupita kiasi. Vestina, mtoto wa Kichiwa aliyefunzwa kwamba mkubwa hapitwi bila salamu, alipiga goti mbele yake akasema, "Kamwene." Akangoja. Mzee hakuitikia. Vestina hakuinuka, maana utainukaje kabla mkubwa hajakuitikia? Hyasinta alishaona lile ni sanamu, na kama rafiki wa kweli alinyamaza kimya ili aone mwisho wake.

Sauti ya kijana ikasikika kutoka ndani, sauti ya polepole, na Kiswahili cha kujifunza ukubwani. Hakucheka. Alikuja, akapiga magoti upande wa pili wa kile kigoda, akasema kwamba mzee amefurahi sana kusalimiwa, wageni wengi hupita bila neno, na kwa kuwa mzee amechoka anaomba kumwitikia mama kwa niaba yake. Kisha akauliza salamu ile huitikiwaje, akafundishwa, akaitikia sawasawa.

Juliana, nyuma ya ngoma, alihisi kitu kidogo kimelegea kifuani. Akajikemea. Watu wenye maneno mazuri kwa wageni wamejaa duniani, ndiyo kazi anayolipwa.

Uchunguzi ukaanza, na sijui kama makumbusho yale yamewahi kuona watalii wa namna ile. Chileshe alionyesha jembe la kale, Hyasinta akauliza kama yeye mwenyewe analima. Alionyesha vyungu, Hyasinta akauliza mama yake anapikia kuni au mkaa, na anaishi na nani, na majirani wanamwitaje. Alieleza jinsi chuma kilivyoyeyushwa, akaulizwa kama kwao kuna mtu aliyewahi kufukuzwa kijijini. Kuuliza si ujinga, alisema Hyasinta, huku anakodoa macho kwenye meno ya kijana, kwenye kucha, kwenye kamba za viatu. Kijana alijibu yote. Baba yake alikufa na mama analima karanga. Mjomba mmoja alikuwa mlevi, akaacha. Hapana, hakuna aliyefukuzwa.

Walifika kwenye vinyago vya udongo ambavyo kwa kina Chileshe hutumika kuwafunda wari kabla ya ndoa. Alipovieleza alipunguza sauti. Alisema mambo mengine si yake kuyasema, ni ya kina mama, yeye huonyesha tu na kupita. Vestina alikohoa kikohozi cha kuridhika. Juliana alikijua kikohozi hicho, hakikuwa kama cha Bonaventura.

Lakini kila kundi liliposogea chumba kingine, naye ilimbidi asogee, na kila Chileshe alipogeuka kuwaita, yeye alikuwa na uso ukutani. Watalii hutazama vitu. Yule mmoja alikuwa anatazama chokaa. Kijana hakuwa kipofu. Juliana alisikia maneno yake yakianza kukatikakatika, na mara moja akamuuliza Hyasinta, kama kwa bahati, wametoka sehemu gani ya Tanzania. Hyasinta, mdomo mbele, akasema Njombe.

Kijana akalirudia jina hilo polepole. Angela alikuwa wa Njombe.

Hofu ikamshika Juliana. Aliona mlango mdogo ulio wazi kuelekea uani, akaponyoka. Uani kulikuwa na kibanda cha mviringo cha miti na udongo, kimeezekwa nyasi hadi karibu na ardhi, kama nyumba za babu zao. Akainama, akaingia, akakaa chini kwenye giza lake la baridi. Alikaa hapo akisema moyoni kwamba watamaliza, watamwita, wataondoka, na mambo yatakuwa salama. Ndipo akaisikia ile sauti ya polepole inakuja uani. Chileshe alikuwa anawaambia wenzake kwamba sasa kimebaki kitu cha mwisho, nyumba ya kale, ambayo kila mgeni huingia ndani kwa zamu akiongozwa naye.

Nyumba ya kale ilikuwa na mlango mmoja.

Juliana alitazama kuta zote. Hapakuwa na tundu hata la panya. Kama kijana angeinama na kuingia, wangekuwa uso kwa uso, pumzi kwa pumzi, mama mkwe na mkwe chini ya paa moja na mlango mmoja, na hakuna fedheha iliyozidi hiyo kwa mila yao. Angetamani ardhi impasukie. Alimwona Angela na simu yake sikioni. Alimwona Bonaventura akikohoa. Akajikunyata, akageukia ukuta, akajifunika kitenge kizima kama maiti, akaanza Salamu Maria akazikosea.

Mwanga wa mlangoni ukazibika. Mtu alikuwa ameinama pale. Miguu ya Juliana ilikuwa nje ya kitenge, miguu ya mkulima yenye vumbi jekundu la safari, na mikono haikutii aivute ndani.

Kisha mwanga ukarudi.

Hakuelewa. Alisikia hatua zikirudi nyuma, si kwa kukimbia, hatua za mtu anayeondoka kinyumenyume. Zikaacha njia ya changarawe zikaingia kwenye majani. Kisha akasikia makofi madogo ya heshima, viganja vilivyokunjwa, polepole, jinsi watu wa kule wanavyowaheshimu wakubwa. Ndipo Chileshe akasema, naye hakusema na aliyekuwa ndani, alisema na Vestina.

"Mama, mwambie mama aliye ndani njia iko wazi. Nimeupa mlango mgongo. Apite kwa raha yake, mimi sitageuka."

Vestina, ambaye alikuwa hatikisiki kwa jambo lolote, sauti ilimtetemeka. Akamuuliza nani amemfundisha.

"Mama yangu," akasema Chileshe. "Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe. Angela aliniambia hata kwenu ni hivyo hivyo. Nilidhani ananifurahisha tu."

Ndani ya kibanda, Juliana aliweka kiganja mdomoni. Safari nzima walikuwa wamebeba mila ile kama yai, wakiogopa mgeni ataivunja, kumbe na yeye analo lake, amelibeba hivyo hivyo. Akatoka kwa magoti, kichwa kimeinama. Na kwa kuwa mgongo si uso, akajiruhusu kuutazama. Kijana alikuwa amechuchumaa kwenye majani, jua linampiga utosini, kofia ameivua ameishika kifuani. Shati lake lilikuwa safi na kola imegeuzwa ikashonwa upya. Shingo ilikuwa imemlowa jasho. Alikuwa na woga, maskini, kuliko hata yeye.

Hapo Hyasinta, ambaye Mungu alimuumba bila breki, akaona uchunguzi haujakamilika. Akapiga ukelele kwamba nyoka, nyoka nyuma yako. Mabega ya Chileshe yaliruka. Vidole vikaikunja kofia mpaka ikapoteza umbo. Lakini shingo haikugeuka. Alibaki vile vile, anatetemeka, akingoja kuumwa, amewapa mgongo.

Vestina alimzaba Hyasinta kofi la bega ambalo bila shaka analikumbuka hadi leo. Na Juliana, ambaye hakuwa na ruhusa ya kusema na mkwe, aligeuka kwa rafiki yake na kusema kwa sauti ya kutosha kufika kwenye majani.

"Vestina, mwambie kijana hakuna nyoka. Na jua ni kali, aingie kivulini."

Kikapu cha parachichi aliacha mlangoni pa kile kibanda. Walipofika getini alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na hakujali nani anamwona.

Angela walimkuta hospitalini anamaliza zamu, akapiga yowe lililowaamsha wagonjwa. Walilala kwake, wanne kwenye vitanda viwili. Aliuliza kila alichoweza kuuliza, na mama yake hakumpa hata tone, maana jibu la posa ni la ukoo, halitolewi jikoni. Hilo alilishika. Ila alimsuka nywele binti yake usiku ule huku anaimba, na Angela si mjinga.

Jumapili sebule ya Bonaventura ilijaa. Malori yalinguruma barabarani, ndani watu walikunywa chai kwa adabu. Alikuwapo Odilo na wanaume wengine wa ukoo, na kwenye kiti cha pembeni, amefunikwa blanketi, bibi Fidelia, dada mkubwa wa Bonaventura, aliyezeeka hata hakuna aliyejua miaka yake. Habari za watalii watatu zilikuwa zimeshaenea tangu waliposhuka basi la Tunduma. Bonaventura alikuwa amekasirika kwelikweli. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lilikuwa baya. Alimtaka kwanza Vestina aseme, kwa kuwa neno la Vestina halipimwi. Vestina akasema waliyoyauliza na waliyojibiwa, mama anayelima karanga, mjomba aliyeacha pombe, mhunzi wa udongo aliyeitikiwa salamu, akiwa mwangalifu kutoongeza chumvi. Watu wakacheka kidogo. Bonaventura hakucheka.

"Tumesikia ya wenzako, shemeji," akamgeukia Juliana. "Sasa sema wewe, uliyeacha viazi shambani ukaenda kumtafuta mwanaume ambaye hukupaswa kumwona. Huyo kijana uso wake ukoje?"

Juliana alisimama. Akakaza fundo la kitenge chake.

"Uso wake siujui, shemeji."

Odilo akaguna. Mmoja akasema nauli yote ile. Bonaventura akakunja paji la uso.

"Ulifika mpaka kwake?"

"Nilifika. Tulikuwa karibu kama mimi na wewe hapa."

"Na hukumwona uso?"

"Alinigeuzia mgongo."

Hakuna aliyecheka tena. Bibi Fidelia, aliyedhaniwa amesinzia, alitoa kichwa kwenye blanketi na kuuliza nani alimwambia afanye hivyo. Vestina akajibu kabla Juliana hajafungua mdomo. Alisema hakuna, alijua mwenyewe, aliacha njia, akavua kofia, akachuchumaa kwenye majani. Kisha akamtazama Hyasinta kwa jicho kali, na Hyasinta, akiinamisha kichwa kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, akakiri habari ya nyoka, na kwamba hakugeuka.

Bibi Fidelia akarudia neno moja tu, "Hakugeuka," kisha akaanza kupiga vigelegele kwa sauti iliyopasuka kwa uzee, peke yake, bila kumngoja mdomo wa ukoo.

Bonaventura alikaa. Alitazama viganja vyake vya muuza mbao, vyenye makovu, kama anavisoma. Mzee akainua kichwa, na macho yake yalikuwa na maji, na hakukohoa.

"Huyo ana kwao," akasema. "Nipeni simu. Nataka kuongea na mkwe wangu."